Je, Ala Zinaweza Kusali?



Katika mafungo ya Kwaresima yaliyopita, mara baada ya komunyo, mpiga gitaa wa korali alipiga peke yake kwa muda wa dakika tatu hivi, bila mwimbaji. Wengine kati yenu mlifumba macho. Wengine mlitazamana, mkingoja wimbo uanze. Jioni ile mlituletea swali: je, ile ilikuwa sala, au ilikuwa mapumziko tu kati ya nyimbo mbili? Na mmoja wenu akaongeza la pili: ikiwa ni sala, tusikilize muziki gani usio na maneno, maana katika simu zetu upo mwingi mno na hatujui wa kuchagua?

Tumeona vema kujibu kwa njia ya historia. Kanisa limejiuliza jambo hilo kwa karne nyingi, na katika nchi yetu liliulizwa kwa uchungu wa pekee.

Maandiko Matakatifu yenyewe hayazioni haya ala. Zaburi ya 150 ni orodha ya vyombo: tarumbeta, kinubi, ngoma, zeze, filimbi, matoazi. Katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 16, Daudi anampigia mfalme Sauli kinubi, na Sauli anapata nafuu. Hatuambiwi kwamba aliimba neno lolote. Linalotushangaza zaidi ni la nabii Elisha, katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 3. Wafalme watatu wamemjia wakitaka neno la Mungu, naye anaomba kwanza aletewe mpiga kinubi. Kinubi kinapigwa, ndipo neno linamshukia. Hapo ala imemfungulia nabii mlango.

Sasa tuje nyumbani, kwenye mto. Walokele, wanaokaa kando ya Mto Kongo chini kidogo ya Kisangani, wana ngoma ya mti iitwayo lokole. Haina ngozi. Ni gogo lililochimbwa ndani kwa kupitia ufa mwembamba, na midomo miwili ya ufa huo imechongwa kwa unene tofauti, ili mmoja utoe sauti ya juu na mwingine sauti ya chini. Kilokele, kama zilivyo lugha nyingi za Kongo, ni lugha ya toni: maana ya neno hutegemea kupanda na kushuka kwa sauti. Kiswahili chetu hakina jambo hilo, na ndiyo sababu wengi wetu tuliokulia mjini hatulitambui hata likipita masikioni. Lokole huiga toni za maneno, na hivyo husema.

Lakini hapo pana tatizo ambalo wazee walilitatua kwa akili kubwa. Maneno mengi yana toni zilezile. Neno la mwezi na neno la kuku, yakipigwa kwenye ngoma, hayatofautiani hata kidogo. Kwa hiyo mpigaji hapigi neno moja. Kwa mwezi anapiga maneno marefu yanayousema kuwa unaitazama dunia kutoka juu; kwa kuku anapiga maneno mengine marefu yanayomtaja kwa udogo wake na mlio wake. Kila kitu kina sifa yake iliyokubaliwa na wote, na msikilizaji, hata akiwa mbali usiku ng'ambo ya maji, anajua kinachosemwa. Mwingereza John Carrington, mmisionari Mbaptisti aliyefika Kongo mwaka 1938 na kufanya kazi Yakusu, alijifunza kuipiga na kuisikiliza, akaandika juu yake kitabu kilichochapishwa mwaka 1949. Tunamtaja ingawa si wa Kanisa letu, kwa sababu alikubali kuketi kama mwanafunzi mbele ya wale aliotumwa kuwafundisha.

Shikeni jambo hili, maana tutalirudia: lokole haina maneno, na kumbe imejaa maneno. Asiyeijua lugha anasikia kelele za mti. Anayeijua anasikia habari.

Misheni nyingi zilitumia ngoma kuwaita watu kwenye sala na kwenye shule. Hata hivyo ngoma iliishia mlangoni. Ndani kulikuwa na harmoniamu, ikipigwa na mtawa au na mwalimu aliyefundishwa naye. Sababu moja ni maagizo ya Papa Pio wa Kumi ya tarehe 22 Novemba 1903 juu ya muziki mtakatifu. Papa huyo alikatazia piano kanisani, pamoja na ngoma, matoazi na vyombo vingine vya kelele au vya mzaha. Tusimhukumu kwa haraka. Katika Italia ya siku zake muziki wa jumba la maonyesho ulikuwa umeingia hata altareni, watu wakienda Misa kama waendao kumsikiliza mwimbaji mashuhuri. Alitaka kusafisha nyumba yake. Hakuwa akiwaza Kisangani wala Kamina. Lakini kanuni husafiri pamoja na wanaozibeba, na zikifika ng'ambo hukutana na ngoma ambazo aliyeziandika hakupata kuzisikia.

Ngoma iliingia ndani kwa mlango wa Kamina, huko Katanga. Padri Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alikusanya wavulana wa shule pamoja na walimu wao, na mwaka 1958 wakaimba Misa kwa Kilatini juu ya mapigo na sauti za kwetu. Ndiyo Misa Luba, iliyosikika mwaka uleule Ulaya na kwenye maonyesho ya kimataifa ya Brussels. Sisi tuliosomea ualimu tunapenda kukumbusha kwamba miongoni mwa waimbaji wale walikuwamo walimu. Miaka mitano baadaye, tarehe 4 Desemba 1963, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati yake juu ya liturujia. Humo kinanda cha mabomba kinapewa heshima ya kwanza katika Kanisa la Kilatini, lakini ala nyingine nazo zinakubaliwa, kwa ridhaa ya maaskofu wa mahali, mradi zifae au ziweze kufanywa zifae kwa matumizi matakatifu. Mwaka 1988 Roma ilikubali Misale yetu ya majimbo ya Zaire, na tangu hapo hakuna tena wa kuuliza kama ngoma yafaa kuingia.

Tuseme pia kanuni moja ambayo wengi hawaijui, na ambayo inatugusa. Maagizo ya mwaka 1967 juu ya muziki katika liturujia yanaruhusu ala zipigwe peke yake mwanzoni mwa Misa, wakati wa matoleo, wakati wa komunyo na mwishoni. Lakini hayaruhusu zipigwe peke yake katika Majilio, Kwaresima, Siku Tatu Kuu za Pasaka na Misa za wafu. Ndiyo kusema lile gitaa la mafungo yetu halikuwa mahali pake. Lawama ni yetu tuliopanga, si ya mpigaji. Alipiga vizuri.

Je, Ijumaa Kuu basi ala zinyamaze kabisa? Katika liturujia, zinyamaze. Lakini nje ya liturujia kuna historia moja ambayo tungependa kila kikundi cha vijana kiijue, nayo inahusu chama cha walei kama hiki chetu.

Katika mji wa Cádiz, kusini mwa Hispania, palikuwa na udugu wa waamini waliokusanyika kutafakari mateso ya Bwana katika kanisa dogo la chini ya ardhi liitwalo Pango Takatifu. Walimwomba Joseph Haydn, mwanamuziki Mkatoliki wa Austria aliyekuwa akisifika Ulaya nzima, awatungie muziki wa ala kwa ajili ya Maneno Saba aliyoyasema Yesu msalabani. Akautunga kati ya mwaka 1786 na 1787. Haydn mwenyewe alieleza baadaye desturi ya huko ilivyokuwa. Kuta, madirisha na nguzo vilifunikwa kwa kitambaa cheusi, na taa moja tu ilining'inia katikati. Milango ilifungwa. Askofu alipanda mimbari, akatamka neno la kwanza la Yesu na kulifafanua, kisha akashuka na kupiga magoti mbele ya altare. Kimya hicho kikajazwa na ala. Akapanda tena, akatamka neno la pili. Na hivyo hadi la saba.

Haydn alikiri kwamba kazi hiyo haikuwa rahisi: vipande saba vya polepole, kila kimoja cha dakika kama kumi, vikifuatana bila kumchosha msikilizaji. Mtu wa jukwaani angetafuta kubadilisha mwendo. Yeye alitii. Na hapa lokole inarudi: katika chapa ya kwanza ya muziki huo, chini ya mstari wa fidla ya kwanza, mwanzoni mwa kila kipande, yameandikwa maneno ya Yesu kwa Kilatini. Fidla inaanza kwa kulitamka neno bila kulisema. Anayelijua neno analisikia ndani ya uzi.

Sikilizeni hasa neno la tano, lile la kiu. Nyuzi zinadonolewa kwa kidole badala ya kusuguliwa kwa upinde, moja moja, kama matone yanayoanguka mahali ambapo mwenye kiu hawezi kuyafikia. Katika neno la saba, Yesu anapoiweka roho yake mikononi mwa Baba, fidla zinawekewa kizuizi kidogo ili sauti yao ififie. Kisha, bila onyo, linakuja tetemeko la nchi la Mathayo sura ya 27, kwa nguvu zote. Mkisikiliza usiku, punguzeni sauti ya redio mapema, majirani wasije wakakimbia.

Kuna namna tatu za kazi hiyo: ya okestra, ya fidla nne za ukubwa mbalimbali, na ile ya mwaka 1796 ambayo Haydn aliitilia waimbaji. Tunawashauri ile ya nyuzi nne. Ni nyepesi, inasikika hata kwenye kipaza sauti kidogo, nayo haimfichi mpigaji. Jioni moja ya juma la mwisho la Kwaresima, nje ya Misa, mmoja asome neno katika Injili, mwingine aseme dakika mbili, si zaidi, kisha sikilizeni kipande kizima bila mtu kusimama. Mtakaposhindwa kukaa kimya dakika kumi, nanyi mtashindwa mara ya kwanza, msikate tamaa.

Kwa njia hiyohiyo ya neno lililofichwa mnaweza kumsikiliza Johann Sebastian Bach, aliyekuwa Mluteri. Katika kitabu chake kidogo cha kinanda, ambacho sehemu kubwa aliiandika akiwa Weimar kabla ya mwaka 1717, kuna vipande zaidi ya 40 vilivyojengwa juu ya tenzi ambazo waamini wake walizijua kwa moyo. Kinanda kilipoanza, kanisa zima lilikuwa likiimba ndani kwa ndani. Jaribuni nanyi: mpiga gitaa apige sauti ya wimbo ambao parokia yote inaujua, polepole, bila mwimbaji. Mtaona midomo ya akina mama ikicheza.

Mfano wa tatu tunaukaribia kwa heshima, kwa sababu unahusu watu waliofungwa, nasi tunaishi katika majimbo ambamo kambi za waliokimbia vita hazituhitaji kueleza ni nini.

Olivier Messiaen alikuwa mlei Mkatoliki, mpiga kinanda wa kanisa la Utatu Mtakatifu huko Paris tangu mwaka 1931 hadi kufa kwake mwaka 1992. Mwaka 1940, akiwa askari, alikamatwa na Wajerumani na kupelekwa kwenye kambi ya wafungwa wa vita karibu na mji wa Görlitz. Huko alikuwa pamoja na wapiga ala watatu: mmoja wa klarineti, mmoja wa fidla, mmoja wa selo. Hakuchagua ala hizo, ndizo zilizokuwapo. Aliwatungia kazi yenye sehemu nane, yeye mwenyewe akipiga piano mbovu ya kambi. Aliongozwa na sura ya 10 ya Ufunuo, pale malaika mwenye upinde wa mvua juu ya kichwa anaposimama, mguu mmoja baharini na mwingine nchi kavu, akitangaza kwamba wakati umefikia mwisho. Kazi hiyo inaitwa Kwarteti kwa ajili ya Mwisho wa Nyakati. Ilipigwa kwa mara ya kwanza tarehe 15 Januari 1941, katika baridi kali, ndani ya kibanda cha kambi, mbele ya wafungwa na walinzi wao.

Hadithi imeongezwa chumvi kwa miaka mingi. Ilisemwa kwamba selo ilikuwa na nyuzi tatu tu badala ya nne. Mpigaji wake, Étienne Pasquier, alikanusha: zilikuwa nne. Ilisemwa wasikilizaji walikuwa maelfu. Kibanda kilichukua mamia tu. Tunayasema haya kwa sababu mtakutana na hadithi hiyo tamutamu, na ukweli wake hauhitaji mapambo.

Muziki huo ni mgumu. Hatuwafichi. Mkianza mwanzoni mtachoka. Anzeni na sehemu ya tano, selo na piano, wimbo mmoja mrefu wa kuusifu umilele wa Yesu. Mwendo wake ni wa polepole kiasi kwamba mtadhani mpigaji amesahau kuendelea. Kisha sehemu ya tatu, klarineti peke yake, iliyokusudiwa kuwa shimo refu la huzuni na ndege wakiimba juu yake. Sehemu ya nane, ya mwisho, fidla inapanda hadi mahali ambapo sikio linakaribia kuipoteza. Kuhusu hesabu hiyo ya nane, Messiaen alieleza kwamba saba ni siku za uumbaji pamoja na pumziko, na ya nane ni siku isiyo na jioni.

Tungeweza kuendelea. John Coltrane, Mmarekani mweusi mpiga saksafoni aliyelelewa kati ya wachungaji wa Kimethodisti, alirekodi tarehe 9 Desemba 1964 kazi ya sehemu nne ya kumshukuru Mungu kwa kumtoa katika utumwa wa madawa. Sehemu ya nne inaitwa Zaburi. Maneno ya sala aliyoiandika yalichapwa kwenye jalada la sahani, na saksafoni inayafuata silabi kwa silabi bila mtu kuyatamka. Mzee wa Yakusu angemwelewa mara moja.

Na sebene yetu? Mnatungoja hapo, tunajua. Rumba ya Kongo, ambayo UNESCO iliitia katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2021, ina wakati wake wa ala: waimbaji wananyamaza, magitaa yanachukua njia. Msikilizeni Nicolas Kasanda, Docteur Nico, aliyepiga na African Jazz, mwone jinsi gitaa moja linavyoweza kuwa na adabu na furaha kwa pamoja. Sebene si dhambi. Katika maandamano ya matoleo inawabeba watu na vikapu vyao hadi altareni, na tunafurahi. Baada ya komunyo haifai, kwa sababu inaita miguu, na saa ile si ya miguu. Huo ndio uamuzi wetu. Paroko wenu anaweza kuwa na mwingine.

Limebaki jambo moja, nalo ni deni letu.

Miaka mingi iliyopita, tulipokuwa tumetoka tu katika shule ya ualimu na kupewa kazi ya katekisimu katika parokia moja ya milimani, alitujia kijana wa miaka kama 15 akiwa na likembe ya babu yake. Alitaka kupiga wakati wa matoleo. Hatukumwomba apige hata mara moja tusikie. Tulimwambia kwamba likembe ni ya vilabu vya pombe, na kwamba Misa si mahali pa kuchezea vidole. Mtaguso ulikuwa umekwisha kusema kinyume chake kabla kijana huyo hajazaliwa, na hati yake ilikuwa kabatini mwetu. Akaenda zake. Aliendelea kuja Misa, lakini likembe hatukuiona tena, na miaka michache baadaye akahamia machimboni.

Baada ya swali lenu tulimtafuta dada yake mdogo, ambaye sasa ni mama katika shirika letu. Tukamweleza habari yote. Alicheka kwanza, kisha akanyamaza. Likembe bado ipo, alisema, imetundikwa ukutani juu ya mlango wa jiko. Ila imeshika moshi na vichuma viwili vimekatika. Wiki iliyopita aliileta, imefungwa ndani ya kitenge. Fundi wa baiskeli wa pale sokoni ameiangalia, akasema atavifua vichuma vipya kutoka kwenye spoki za gurudumu, na kwamba tumpe hadi Jumamosi.